Mtoto wa Watu wa Mombo

Mlionisikiliza Jumapili iliyopita mliniacha ukumbini, barua ya mume wangu mkononi, sina pumzi. Nipo pale pale. Na hasira zangu zipo pale pale, ingawa miaka imekwisha pita.

Aliyekuja leo nampa ya nyuma kwa mkato. Mimi ni Mize binti Makungu, wa Malindi, mjini Unguja. Mume wangu Msabah alikuwa akiuza miwani katika duka la Bwana Taherali. Duka likafungwa, Bwana Taherali akaondoka na watu wake, na Msabah akaachiwa kilichobaki rafuni: sanduku moja la miwani, ile inayouzwa tayari, mtu anajaribu hii, anajaribu ile, mpaka aone. Mjini hapakuwa tena na wa kuinunua. Akalibeba sanduku lake, akavuka bara, akawa anatembeza miwani Muheza, Korogwe, mpaka Mombo. Mimi akaniachia mama yake.

Nilimwambia aende na mama, aniachie sanduku. Akadhani nafanya mzaha.

Sifa yake moja siwezi kumnyima: anaandika. Kila mji anaofika, barua. Na mimi akiniandikia kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu hiki hiki lakini kwa herufi za chuoni, chuo cha Kurani, maana zile za Kizungu wakati ule sikuzijua. Nilisomeshwa na marehemu bibi yangu, nikajiona msomi. Wanawake wenzangu wakipeleka barua zao kusomewa mlango wa tatu, mimi nilikaa kwangu nikasoma mwenyewe.

Mara moja tu nilichekwa. Msabah aliandika kuwa Korogwe alikosa pa kulala, akalala chuoni. Mimi nikasoma chooni. Bi Duni, mavyaa yangu, akalia mpaka adhuhuri: mwanawe kalala chooni, mwanawe aliyezaliwa kwa taabu, kalala chooni! Kumbe mwalimu wa chuo alimfadhili mkeka. Ndivyo zilivyo herufi zile kwa Kiswahili, o haina alama yake, inaandikwa sawasawa na u, na msomaji anachagua mwenyewe. Tulicheka, yakaisha.

Sasa barua hii ya leo. Nawatolea kama nilivyoisoma siku ile, neno kwa neno, maana hata mkiniamsha usingizini nitawasomea:

"Kwa mke wangu Mize. Salamu nyingi. Mimi mzima wa mwili, si mzima wa moyo. Mize, nimeoa mtoto wa watu hapa Mombo. Sikukusudia. Msichana mdogo, jina lake Mwanaidi. Jambo lilikuja ghafla, na likishakuwa halirudi nyuma. Wazee wake wamekaa kikao, wanataka ng'ombe, na mimi sina hata mbuzi. Usiku sipati usingizi, nikifumba macho namwona yeye. Siwezi kurudi sasa, wamenizuia mpaka mambo yao yaishe. Nisamehe, uniombee kwa Mungu. Mama usimwambie. Wako, Msabah."

Niliisoma tena. Nikaisoma mara ya tatu nimesimama.

Mtoto wa watu! Na mimi mtoto wa nani, wa paka?

Usiku hapati usingizi! Ananiandikia mimi, mkewe wa ndoa, niliyekaa na mama yake, niliyepanga foleni ya mchele na miguu imenivimba, ananiambia usiku hapati usingizi na bibi harusi wake! Na akifumba macho anamwona yeye! Mwanamume mwingine angalau angeficha.

"Kuna nini?" Bi Duni akauliza, anatoka chumbani. "Mbona unapumua kama uliyekimbizwa?"

"Mwanao anakusalimu."

"Alhamdulillahi. Anasemaje?"

Barua imesema mama usimwambie. Nikasema kwa sauti mpaka kuku wa jirani wakasikia.

"Kaoa!"

Bi Duni akavaa miwani. Msabah alimpa mama yake miwani nzuri ya fremu ya dhahabu, naye hajui alif wala be. Akaichukua barua, akaishika juu chini, akaitazama kwa makini.

"Wapi?"

"Mombo."

"Nauliza wapi hapa kwenye karatasi."

Nikaigeuza, nikamwekea kidole kwenye neno. Akalitazama kwa muda.

"Neno lenyewe dogo."

"Dogo, lakini limenivunjia nyumba."

"Nyumba haijavunjika. Mwanamume kuoa si kuiba, mkaza mwanangu. Sheria imempa wane."

"Imempa wane awalishe, mama! Huyu hata mimi mmoja hanilishi, nnajilisha mwenyewe!"

Akavua miwani. Akaikunja taratibu, na kwa jinsi alivyoikunja nikajua lijalo ni baya.

"Mimi sitaki maneno na wewe, Mize. Lakini huu mwaka wa ngapi umo ndani humu? Mimi mzee. Labda huyo wa Mombo atanipa mjukuu."

Nawaambia wasikilizaji, kuna maneno mtu huyajibu, na kuna maneno mtu akiyajibu atakuwa na kesi. Nilikwenda kabatini, nikatoa kanzu ya Msabah ya Idi, ile ya darizi, niliyokuwa nikimpigia pasi mwenyewe. Nikaichovya kwenye ndoo. Nikapiga deki nayo ukumbi mzima, kutoka mlangoni hadi jikoni, mbele ya macho ya mama yake.

"Wewe kichaa!" akapiga kelele. "Kanzu ya mwanangu!"

"Mwanao kapata wa kumfulia. Inua miguu nipitishe."

Nilipomaliza deki hasira zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Nikajitia buibui, nikaikunja barua, nikatoka.

Kwa kadhi sikwenda. Kadhi angeniuliza mume yuko wapi aje tumsikilize, na mume yuko Mombo anapigiwa vigelegele. Nilikwenda tawini, ofisi ya chama mtaani kwetu, kwa Bwana Usi, mwenyekiti wetu. Mtu wa makamo, mwenye sauti kubwa, anayependa kesi za watu kuliko chakula. Nilimtaka mtu wa namna hiyo hasa.

"Shikamoo, Bwana Usi."

"Marahaba, Bi Mize. Kaa. Nani kakuudhi?"

"Msabah kaoa bara."

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe."

Nikamwekea barua mezani. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akanirudishia.

"Hizi za chuoni mimi nlizikimbia mapema. Bakora zilikuwa nyingi. Nisomee."

Nikamsomea. Nilisoma kwa madaha yote niliyonayo, na kila penye uchungu nikaongeza wangu. Nilipofika penye usingizi Bwana Usi akapiga meza.

"Ala! Yaani sisi huku tunajenga nchi, yeye huko anafunga harusi?"

"Na ng'ombe wanataka."

"Ng'ombe! Mtembeza miwani!"

Akafungua mtoto wa meza, akatoa muhuri, akaupulizia, akaugonga chini ya jina la Msabah, bluu, mviringo, mzima kabisa. Sikujua muhuri wa nini, lakini moyo wangu ulifurahi kuusikia ule mlio wa meza.

"Iache hapa," akasema. "Kesho asubuhi meli ya Tanga inaingia, mchana inarudi. Nna mwenzangu Korogwe, mtu mkubwa pale, akisema kamata wanakamata. Ntampelekea haya maneno. Kwa mkono wake mwenyewe kakiri, hana pa kukana. Atarejeshwa hapa uzungumze naye uso kwa uso."

"Mwambie huyo mwenzako asimrejeshe kistaarabu."

"Unamtaka vipi?"

"Kama mbuzi wa shughuli. Kamba shingoni."

Bwana Usi akacheka, na mimi nikacheka. Hiyo kamba shingoni niliitaja mimi, kwa ulimi wangu huu. Nilirudi nyumbani nimetua mzigo, nikala wali na samaki, nikalala fofofo.

Asubuhi Bi Duni aliamkia foleni, hakunisemesha, akachukua kikapu chake na miwani yake ya dhahabu akaenda. Nikabaki peke yangu. Jua lilikuwa limekwisha panda niliposikia hodi.

Alikuwa Ame, rafiki wa Msabah wa tangu utoto, anayepeleka ng'onda, samaki wakavu, Tanga na kurudi na mahindi. Kashuka na ile meli ya asubuhi. Na mkononi kashika sanduku la miwani.

Nililijua kwa kufuli lake. Msabah hakuwahi kumwachia mtu sanduku lile, hata mimi nikitaka kulifuta vumbi alisimama karibu.

Basi mimi kichwani mwangu nikaona jambo moja tu: mume wangu keshatulia, keshaacha kutembea, anarudisha vitu vyake vya ujana.

"Shemegi, hujambo," akasema Ame.

"Sijambo. Mwenyewe yuko wapi? Kaona haya kuja, au hawezi kumwacha bibi harusi?"

"Bibi harusi gani?"

"Mwanaidi!"

Ame akaliweka sanduku chini. Aliliweka taratibu sana.

"Nani alokwambia jina hilo?"

"Kaniandikia mwenyewe, huyo rafiki yako asiye na haya! Kaniandikia kaoa mtoto wa watu!"

"Kaoa?"

"Kaoa! Au utamfichia?"

Ame akakaa kwenye baraza bila kukaribishwa. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Mtu huyu siku zote ana mzaha mdomoni, na siku ile hakuwa nao.

"Bi Mize," akasema, "Mwanaidi tumemzika. Mimi nlikuwepo."

Nikamwambia asinichezee.

"Wallahi sikuchezei. Sikiliza. Msabah alimuuzia miwani dereva mmoja wa lori pale Mombo, mtu mzima, macho yamempungukia. Miwani ya kusomea. Kwa karibu unaona mpaka chunusi ya mtu, kwa mbali ukungu mtupu. Msabah alimwambia, hii ya kusomea, usiendeshee. Mimi nlikuwa hapo hapo nnanunua sigara, nlimsikia kwa masikio yangu. Yule mzee akaipenda, akaivaa, akapanda lori nayo. Hakufika mbali. Msichana alikuwa anavuka na ndoo."

"Na dereva?" nikauliza.

"Dereva yuko ndani. Anasema yeye hana kosa, muuza miwani kampa miwani mbovu, hakumwambia kitu. Wazee wa msichana wamemzuia Msabah, wanataka ng'ombe wa fidia, hiyo mila yao na mtu ataelewana nao. Tatizo polisi. Polisi hawajampata na neno, dereva anasema hivi, mimi nasema vile. Lakini yeye mwenyewe, Bi Mize, halali. Anazunguka anasema, mimi ndiye nlomuua. Sanduku lenyewe kanipa nilirudishe, hataki tena kuliona. Nikamwambia nyamaza wewe, hukushika usukani! Hasikii."

Wakati Ame anasema, barua yote ilikuwa ikipita kichwani mwangu, maana nilikwisha ihifadhi kwa hasira. Mzima wa mwili, si mzima wa moyo. Sikukusudia. Likishakuwa halirudi nyuma. Wazee wanataka ng'ombe. Nikifumba macho namwona yeye. Mama usimwambie.

Hakuwa bibi harusi aliyekuwa akimwona. Alikuwa maiti.

Nimeua mtoto wa watu.

Neno lile lile, herufi zile zile, na mimi msomi wa bibi yangu nikatia o. Nilitia o kwa sababu nilikuwa nimekaa peke yangu muda mrefu na wivu ulikuwa umekwisha niandalia jibu kabla ya barua kufika.

Mnadhani nililia? Sikulia. Nilishikwa na hasira nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, na hii ilikuwa ya haki. Mwanamume gani huyu? Dereva aliyegonga anakana, na yeye aliyekuwa kasimama na sanduku lake kando ya barabara anachukua kalamu, anajiandikia mauaji kwa mkono wake, anatia sahihi, anatia na stempu! Moyo mwema gani huo usiomhurumia mwenyewe wala mkewe?

"Mpumbavu!" nikasema. "Ame, rafiki yako mpumbavu!"

"Ndiyo nlivyomwambia. Akasema, nshamwandikia Mize, nshamweleza kila kitu. Roho yangu ikaruka. Ndiyo maana nimekuja hapa moja kwa moja, hata kwangu sijafika. Barua iko wapi?"

Nikamtazama.

"Ichome, shemegi. Sasa hivi, mbele yangu. Polisi wa kule wakiipata hiyo, hakuna tena dereva, hakuna tena mimi nlosikia. Mtu keshakiri kwa hati yake. Iko wapi?"

Meli mchana inarudi. Mwenzake wa Korogwe, akisema kamata wanakamata. Kamba shingoni.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Usiondoke. Na mama akirudi usimwambie neno. Mwambie sanduku limeletwa kutengenezwa kufuli."

Sikukumbuka hata viatu. Nilipita vichochoro vya Malindi buibui likipepea nyuma, watu wakinipisha, mmoja akaniuliza nani kafa. Huko bandarini honi ya meli ikalia mara moja. Nilimtukana mwenye meli, nikamtukana na aliyeitengeneza.

Nilimkuta Bwana Usi mezani, na mbele yake kakaa Mwalimu Hija, mzee wetu wa chuo, aliyewasomesha nusu ya wanaume wa mtaa na kuwachapa wote. Kavaa miwani. Miwani ya Msabah, alimpa bure kabla ya kusafiri, akamwambia Mwalimu niombee dua.

Barua ilikuwa mezani baina yao. Kando yake karatasi nyeupe, na kalamu mkononi mwa Mwalimu.

"Ah! Mwenyewe huyu!" akasema Bwana Usi. "Umekuja wakati wake."

"Nimekuja kuchukua barua yangu. Nimemsamehe."

"Umemsamehe? Jana ulimtaka kamba shingoni!"

"Jana ilikuwa jana. Mume wangu, nimemsamehe, nipe barua yangu niende."

"Bi Mize, barua ina muhuri wa tawi. Ikishapigwa muhuri si yako tena. Hii itakaa hapa kwenye jalada. Kule Korogwe mwenzangu Mkristo, herufi hizi hazijui, basi nimemwomba Mwalimu aiandike upya kwa herufi za Kizungu. Mjumbe anangoja bandarini. Kaa."

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, maana nilikuwa sijamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ndogo. "Salamu nimekwisha ziandika. Nimefika hapa." Akaweka ukucha chini ya neno. "Nimeandika nime, nimesimama."

"Msomee, Bi Mize, kama ulivyonisomea mimi jana," Bwana Usi akasema. "Mzee anatupotezea wakati."

"Sipotezi," akasema Mwalimu Hija. "Kwa herufi zetu mtu huandika akapita. Kwa hizi za Kizungu lazima uchague. Nikitia o, kuna arusi Mombo. Nikitia u, kuna matanga. Mimi sitatia kwa kubahatisha, nina kaburi linaningoja. Huyu anaujua mkono wa mumewe. Bi Mize, Msabah kafanya nini?"

Chumba kizima kilikuwa kinaningoja mimi. Jana tu neno lile lilitaka kuniua. Nilipiga deki kwa kanzu kwa sababu ya neno lile. Sasa ndilo peke yake lililobaki baina ya Msabah na kitanzi, na ilinibidi niliseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilisimamie mbele za watu kama mtu anayesimamia shamba lake.

"Ameoa," nikasema.

Mwalimu akaniangalia juu ya miwani.

"Una hakika?"

"Ameoa, Mwalimu! Unataka nikuimbie? Mume wangu kaniacha na mamake, kaenda kuoa mtoto wa watu, msichana mdogo! Usiku hapati usingizi kwa ajili yake! Kaandika mwenyewe, soma mbele utaona! Wallahi ameoa!"

Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Bwana Usi akayaona akasikitika, akadhani ni ya ukewenza. Yalikuwa ya Mwanaidi, na ndoo yake, na barabara aliyoivuka. Na ile wallahi niliyoiapa nitakwenda kuijibu mbele ya Mola wangu, lakini siku ile ningeiapa hata mara saba.

Sijui alijua nini mzee yule. Mpaka leo sijui. Alifuta miwani kwa pindo la kanzu, akaivaa.

"Basi ameoa," akasema. "Mungu ampe kheri."

Akachovya kalamu. Akaishusha kwenye karatasi, akaanzia juu kushoto, akashuka pole pole, akazunguka chini, akawa anapanda upande wa kulia. Moyo wangu ukaanza kurudi mahali pake.

Pale pale sauti ikaja kutoka njiani. Niliijua kabla sijayasikia maneno. Ilikuwa ya Bi Duni. Karudi kutoka foleni, kaliona sanduku, na Ame, mtu mzima mwenye ndevu, hakuweza kumdanganya mwanamke mmoja; nilikokimbilia kaonyeshwa na watu wa vichochoroni.

"Waongo!" alikuwa akipiga yowe, anakuja mbio tawini, watu nyuma yake. "Waongo wakubwa! Mwanangu hakuua! Msabah wangu hakuua mtu!"

Bwana Usi akainuka. Akaniangalia mimi. Akaiangalia barua. Kisha akauweka mkono wake wote juu yake.

"Nani," akasema, "aliyesema kaua?"

Kalamu ya Mwalimu Hija ilikuwa imesimama hewani. Ile herufi aliyokuwa akiizungusha haikufika juu, haikufunga, ikabaki wazi kama kikombe.

Wakati ule mimi herufi za Kizungu sikuzijua. Nimezijua baadaye, kwenye kisomo cha watu wazima. Nyinyi mliosoma shule mnaijua o isiyofungwa juu inasomwaje.